Mwenzenu Yuko Kazini

Mtoto aliyekulia kwenye mpunga hana mapenzi na panya. Sisi wa Nyamwage, pamoja na wenzetu wa Utete, Ikwiriri na vijiji vyote vinavyotegemea bonde la Mto Rufiji, tulijua panya ni mwizi kabla hatujajua kusoma. Anatoboa gunia kwa chini, mpunga unavuja usiku kucha. Anazaa ndani ya kihenge. Anakata nyavu zilizoning'inizwa ukutani. Ndiyo maana kila nyumba yenye akiba ilikuwa na paka, na paka huyo hakuwekwa kwa ajili ya kuchezewa. Alikuwa na kazi, na asipoifanya hakuna aliyemtupia hata mwiba wa perege.

Jioni watoto hao hao tulijazana kwenye kibanda cha video, tukamshangilia panya mpaka sauti zikatukauka.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi. Nimekuwa mwalimu, baadaye nikawa mtu wa kuitwa kuandika muhtasari kwenye vikao vya usuluhishi, na kila nilipokaa kati ya watu wawili wanaogombana, Tom na Jerry walinirudia kichwani. Naamini katuni ile ina somo kwa yeyote anayepewa jukumu la kuamua ugomvi. Wengi husema somo lake ni kwamba mdogo mwenye akili humshinda mkubwa mwenye nguvu. Mimi nimejifunza kwake jambo jingine kabisa.

Nyamwage iko kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, pale inapochepuka njia ya Utete. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu. Ukishavuka, unaanza udongo wa Ndundu hadi Somanga, ambao wakati wa masika ulikamata mabasi na malori ukayaweka hapo hata siku kadhaa. Abiria walitafuta chai, wakatafuta pa kulala, na usiku ulipoingia wakatafuta pa kuisahau safari. Kibanda cha video ndicho kilikuwa mahali hapo: kuta za fito na makuti, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, televisheni moja juu ya meza, deki chini yake, na nyuma kabisa jenereta linanguruma. Mtoto aliingia kwa shilingi 50. Asiyekuwa nayo alimchotea maji mwenye kibanda, akaruhusiwa.

Filamu kubwa za usiku zilikuwa za Kihindi na za mapigano. Baadaye zikafika pia kanda za Lufufu, yaani Derek Mukandala, aliyekuwa akisimulia filamu za nje kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu yenyewe, na watu wazima walizipenda kwa sababu hatimaye walijua wanaopigana wanagombea nini. Lakini kabla ya filamu kubwa, wakati mabenchi yanangojwa yajae, mwenye kibanda aliweka Tom na Jerry. Hapo hakuhitajika msimulizi, kwani paka na panya wale karibu hawasemi kitu. Mmakonde anayerudi Newala, Mndengereko wa hapa hapa na dereva wa lori aliyetoka kaskazini, wote waliangua kicheko kwa pamoja.

Kicheko kile kilifanyiwa kazi kweli. Nilipokua nilisoma habari za waliokitengeneza. William Hanna na Joseph Barbera, wakiwa katika studio ya MGM huko Marekani, walianza mwaka 1940, na kufikia 1958 walikuwa wametoa filamu fupi 114 za paka na panya wale wale, nyingi zikiwa za dakika saba hivi. Saba kati yake zilipata tuzo ya Oscar. Muziki wa Scott Bradley ulifuata nyayo za wanyama: panya akinyata, vyombo vinanyata, paka akiteleza, vinateleza naye. Na lile yowe la Tom akibanwa mkia, ambalo tuliliiga njia nzima ya kurudi nyumbani, ni sauti ya Hanna mwenyewe.

Usiku mmoja wa masika babu yangu aliingia kibandani. Alikuwa anapita tu, mvua ikamkamata. Mwenye kibanda akamkaribisha bila kiingilio, na sisi wa mbele tukampisha benchi. Akaketi, mkongojo katikati ya magoti, akatazama.

Kwenye kioo panya alikuwa juu ya rafu anarusha sahani, na paka yuko chini anazidaka. Moja, ya pili, ya tatu, mpaka mrundo ukampita kichwa. Hakuna iliyovunjika. Macho yamemtoka, miguu inatetemeka, anageuka taratibu asije akamwaga hata moja. Panya akashuka, akazunguka kwa nyuma bila haraka yoyote, akampiga teke. Sahani zote chini. Kibanda kizima kikalipuka kwa vifijo.

Babu hakucheka. Alitugeukia.

"Huyo paka kakosa nini?"

Tukamjibu kwa pamoja kwamba anataka kumla panya.

"Na huyo panya yumo nyumba ya nani?"

Tukatazamana.

"Mnamcheka bure, wajukuu zangu," akasema. "Mwenzenu yuko kazini."

Watu wazima waliokuwa karibu wakacheka, wakidhani anatutania. Hakuwa anatania. Mvua ilipopungua nilimshika mkono kumsindikiza, na njiani akaanza kunikumbusha hadithi ya kisima, niliyokuwa nimeisikia kwake tangu nikiwa mdogo. Wanyama walipatwa na ukame wakakubaliana kuchimba kisima. Sungura akakataa kuchimba. Maji yalipopatikana akaja kuyaiba. Wakaweka mlinzi, Sungura akamlaghai. Wakaweka mwingine, akamlaghai naye, huyu kwa asali, yule kwa maneno, mpaka mmoja akakubali mwenyewe kufungwa kamba. Mwisho akajitolea Kobe. Akapakwa ulimbo mgongoni, akazama majini, akatulia. Sungura akaja, akamkanyaga akidhani ni jiwe, akanata.

"Nyinyi mnampenda Sungura kwa sababu ana maneno," babu akaniambia. "Ila maji yale yalikuwa ya waliochimba. Na yule aliyefungwa kamba mkamcheka, alikuwa analinda maji ya wenzake."

Maneno yale yalinishika, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mlinzi. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha watu wengi wa bondeni kuja kuishi vijiji vya juu, katika ile iliyoitwa Operesheni Rufiji. Nyumba zikapanda, rutuba ikabaki chini. Kwa hiyo msimu ukifika familia zinashuka tena bondeni na kuishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yakipanda yapite chini yake. Mpunga ukianza kutoa masuke, kazi ya mtoto ni kuamia.

Unaamka alfajiri kabla ndege hawajaamka. Kutoka dunguni zimevutwa kamba hadi pembe zote za shamba, na kila kamba imefungwa makopo yenye vijiwe ndani. Ukivuta, upande mzima unapiga kelele. Mkononi una teo, na pembeni umeweka madonge ya udongo uliyoyafinyanga jana yakakauka. Ndege wakitua upande wa mto, unavuta kamba ya mto. Wakiinuka, wanakwenda kutua upande wa msitu. Unahamia kamba ya msitu, wanarudi mtoni. Ngedere wamekaa mtini wanakutazama, wanangoja usinzie. Jua likifika utosini mkono umeshakufa ganzi na sauti huna.

Ndege mmoja hana hasara. Anadonoa punje chache, anaruka zake. Lakini hawaji mmoja mmoja, na jioni mama anapopita kwenye majaruba akishika masuke na kuyakuta ni makapi, hasemi na ndege. Anasema na wewe.

Mchana kutwa, basi, nilikuwa Tom: nakimbia, narusha, nakosa, nalaumiwa. Karibu kila mtoto aliyekuwa kibandani alifanya kazi hiyo hiyo. Hata hivyo jioni tulikuwa upande wa panya sote, kwa sababu filamu ilikuwa imetuketisha upande wake tangu picha ya kwanza, na mtu huona kutokea pale alipoketishwa. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza. Ukiona moyo wako umeshachagua upande kabla hujauliza swali lolote, ujue kuna msimulizi aliyekuwahi.

Ile filamu ya sahani ndiyo ya kwanza kabisa katika mfululizo wote. Ilitoka Februari 1940 na jina lake ni Puss Gets the Boot. Humo paka anaitwa Jasper, panya hajapewa jina. Niliitazama tena nikiwa mtu mzima, nikaona alichokiona babu kwa mara moja. Mwanzoni paka anavunja chombo, na mwanamke mwenye ufagio anamwonya: kivunjike kingine kimoja tu, unatoka nje. Panya anayasikia maneno hayo. Kuanzia hapo hana haja ya kukimbia. Anakamata bilauri, anaishikilia ukingoni kana kwamba ataiachia, na paka anasimama palepale. Meno yake hayamtoshi paka, wala miguu yake. Silaha yake ni hasira ya mtu wa tatu, kwa sababu anajua kikivunjika ataadhibiwa nani. Mwisho paka anatupwa nje, na panya anaweka mbele ya tundu lake kibao cha kusifia raha ya nyumbani.

Mwaka 1952 Hanna na Barbera walikwenda mbele zaidi. Katika filamu ya Push-Button Kitty, yule mwanamke ananunua paka wa mashine, asiyekula wala kulala. Tom, aliyekuwa amejilaza, anajikuta hana kazi, anafungasha vitu vyake na kuondoka. Halafu Jerry anafungulia panya wa kuchezea, paka wa mashine anawafukuza na kuivuruga nyumba nzima, na Tom anaitwa arudi. Watoto wanacheka, na nami nacheka. Lakini mtu aliyewahi kuambiwa kazini kwamba kuanzia kesho nafasi yako haipo anajua Tom alivyojisikia alipoushika mzigo wake.

Na huyo mwenye ufagio ni nani? Katika filamu hizo uso wake karibu hauonekani. Ni miguu, mkono, na sauti, ambayo ilikuwa ya mwigizaji Lillian Randolph. Babu alimdhania mwenye nyumba, nasi tulimdhania hivyo. Kumbe mara nyingi alichorwa kama mtumishi wa ndani, kwa mtindo uliokuwa ukiwadhalilisha Wamarekani weusi. Baada ya 1952 Hanna na Barbera hawakumtia tena katika filamu mpya, na miaka ya 1960, filamu za zamani zilipopelekwa kwenye televisheni, baadhi ya sehemu zake zilichorwa upya, akawekwa mwanamke mzungu.

Nilipolijua hilo nilikaa nalo muda mrefu. Maana yake mama yule naye yuko kazini. Anafagia sebule ambayo huenda si yake, analinda sahani ambazo huenda hali kwenye hizo. Paka anaogopa ufagio wake, na yeye bila shaka yuko mtu anayemwogopa. Wanaokimbizana, wanaoumizana, wanaovunja na wanaofagia, wote wako mbele ya macho yetu kwa dakika saba. Mwenye nyumba haonekani.

Somo hilo lilinifaa kwetu. Mwaka 2006 Serikali iliwaondoa wafugaji kutoka bonde la Usangu na Ihefu, kule Mbarali, na wengi wao waliishia mikoa ya Lindi na Pwani. Ng'ombe wakaingia Rufiji kwa wingi ambao bonde letu halikuuzoea. Vikao vya usuluhishi vikaongezeka. Malalamiko yalikuwa ya aina moja: ng'ombe wameingia kwenye mpunga, mkulima anataka fidia, mchungaji anasema hakuonyeshwa njia ya kupitisha mifugo.

Nakumbuka kikao kimoja. Mbele ya wazee walikaa vijana wawili ambao umri wao ni wa kuwa darasani. Mmoja alikuwa dunguni akilinda mpunga wa mama yake. Wa pili alikuwa nyuma ya ng'ombe. Walifukuzana kutoka mtoni hadi karibu na barabara, mmoja ana teo, mwingine ana fimbo, na jicho la yule wa fimbo lilikuwa limevimba likafumba. Nyuma ya kila mmoja walisimama watu wake. Kelele zao zilikuwa zile zile za kibandani: kila upande una panya wake wa kumshangilia na paka wake wa kumzomea.

Wazee waliuliza nani alianza. Kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole, na tungekesha hapo. Nikaomba ruhusa kwa mwenyekiti, nikamwuliza kijana wa fimbo: "Mdogo wangu, hao ng'ombe ni wa nani?"

Hawakuwa wake, wala wa baba yake. Alikuwa mchungaji wa kuajiriwa, na ng'ombe akipotea anakatwa kwenye mshahara. Mwenye ng'ombe alikuwa mjini. Nikamwuliza nani aliwaelekeza wapite pale. Akamtaja mtu wa hapa hapa, aliyepokea hela ili mifugo ipite kando ya mashamba hayo. Huyo naye hakuwepo kikaoni.

Ukumbi ukanyamaza. Mama wa yule mlinzi, aliyekuja amefura kwa hasira na haki yake mkononi, alimtazama kijana wa ng'ombe kwa mara ya kwanza kama anavyotazamwa mtoto wa mtu. Kikao kikaahirishwa mpaka wale wawili waitwe. Ilichukua muda, wakaja. Fidia ililipwa, ingawa si yote, na waliolipa walikuwa wao. Vijana hawakutozwa kitu. Waliambiwa wapeane mikono, wakapeana.

Tangu siku hiyo, nikikaa kwenye ugomvi, nina maswali matatu. Huyu ametumwa na nani? Kitu kikivunjika, ataadhibiwa nani? Na nani anayehusika lakini hayupo hapa? Maswali hayo hayampi mtu ruhusa ya kuvunja sahani wala kulisha mpunga wa mwenzake. Yanasaidia adhabu imfikie anayestahili, isiishie kwa yule aliyekuwa karibu na ufagio.

Liko jambo moja ambalo katuni haiwezi kulifundisha, na lazima mtu mzima aliseme. Tom akipigwa na chuma anakuwa bapa kama chapati, anajikung'uta, anasimama. Filamu inayofuata inaanza akiwa mzima, hana hata kovu. Hanna na Barbera walijenga vichekesho vyao juu ya mwili usioumia, na ni haki yao, kwa sababu bila hivyo hakuna anayeweza kucheka. Bondeni kwetu mwili ni mmoja. Jicho la yule kijana lilipona, namshukuru Mungu, lakini nimewaona wengine ambao hawakupona. Mtoto anayetazama paka akipasuliwa kichwa kwa nyundo anahitaji kusikia kutoka kwa mtu anayempenda kwamba teo linapofusha na fimbo inavunja mfupa.

Siku hizi vijijini katuni zinatazamwa kwenye simu. Zipo pia katuni za kwetu, na ninafurahi kwamba zipo. Ubongo Kids ilianza Dar es Salaam mwaka 2014, na kwa Kiswahili inawafundisha watoto hesabu na sayansi. Nairobi ilitengenezwa Tinga Tinga Tales, iliyochukua hadithi za wanyama wa Afrika na kuzipa rangi za michoro ya Tingatinga. Pamoja na hayo siwafichi watoto Tom na Jerry. Ninaketi nao. Wanacheka, nami nacheka, kisha ninaisimamisha picha pale paka anapotetemeka na sahani zake, na ninawauliza swali la babu: huyu kakosa nini?

Watoto wa Rufiji hulijibu upesi, maana wengi wameshapanda dunguni. Husema paka analinda. Lakini mwaka mmoja msichana wa darasa la nne aliinua mkono akasema panya naye anatafuta chakula, na kwamba panya aliyemwona kwao ana watoto. Darasa likabishana. Babu yangu angekuwepo angebishana naye pia, na nadhani mwisho angemkubalia. Panya pia yuko kazini. Hilo halimfanyi paka kuwa mkosaji, wala haliifanyi nyumba kuwa ya panya. Linaongeza mtu mmoja wa kusikilizwa kabla ya kuamua.

Nawaomba wazazi na walimu wenzangu tusiwaachie watoto katuni peke yao, na tusiwanyang'anye. Tucheke nao kwanza, kicheko cha kweli, kisha tuwaulize ni nyumba ya nani. Mtoto akizoea swali hilo mbele ya paka na panya, kesho akiwa mwenyekiti wa kijiji, hakimu au mzazi, hatakimbilia kutoa hukumu kwa kuangalia nani mdogo na nani mkubwa. Atataka kwanza kujua nani kamtuma nani, na hatafunga kikao mpaka aliyetuma amekuja kuketi pamoja na wengine.